Nilimkanusha Mama Mbele ya Daktari

Nilimwambia daktari kwamba presha ya mama yangu haijashuka, kumbe ilikuwa imeshuka. Nilimwambia kwamba mama bado anashikwa na kizunguzungu, kumbe kizunguzungu kilikuwa kimekwisha siku nyingi. Mama mwenyewe alikuwepo, amekaa ubavuni kwangu, akasema kweli, nami nikamkatiza kwa orodha niliyoichuja kwa mkono wangu kwenye laptopu. Dawa ikaongezwa kwa neno langu. Naandika haya kwa sababu wengi wetu tunaowauguza wazazi siku hizi tunaweka kumbukumbu zao kwenye simu na kompyuta, na kosa nililolifanya ni jepesi kutendeka na gumu kuonekana. Ipo na sababu ya pili: nilipoligundua nilinyamaza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, nami nitalifikia.

Kumbukumbu za mama naziweka kwenye TiddlyWiki, wiki ya mtu mmoja ambayo Mwingereza Jeremy Ruston aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Wiki nzima hukaa ndani ya faili moja. Unaifungua kwa kivinjari, bando liwepo lisiwepo, na faili ni lako, halikai kwa mtu mwingine. Kila unachokiandika kinapata kadi yake, na kadi unaipa kichwa, unaibandika lebo, ukitaka unaiongezea sehemu zako mwenyewe: presha ya juu, presha ya chini, dawa, malalamiko. Ukishakuwa na kadi nyingi unaandika kichujio, mstari mmoja wa amri, ukiomba uletewe kadi za aina fulani au za kipindi fulani. Mimi si fundi wa kompyuta. Nilijifunza kwa kuiga mifano, na mifano ilinifikisha mbali kiasi cha kunifanya nijiamini.

Mama amepita miaka 70 na tunaishi naye Tanga, Chumbageni. Alipogundulika ana presha alianzishiwa amlodipine, kidonge cha miligramu 5, kimoja kwa siku, na daktari akatuagiza tununue kipimo tuwe tunampima nyumbani. Kupima nyumbani kuna masharti yake, na niseme kwamba haya niliyafuata vizuri. Mgonjwa atulie kwenye kiti dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziguse chini, mkono uwe usawa wa moyo. Upime mara mbili, ukiacha walau dakika moja kati ya kipimo na kipimo, asubuhi na jioni. Hata kizingiti ni tofauti: hospitalini presha huhesabiwa kuwa ya juu kuanzia 140/90, nyumbani kuanzia 135/85, kwa kuwa wengi damu huwapanda wakishaona koti jeupe. Ndiyo maana daktari makini huuliza namba za nyumbani kabla hajagusa dozi. Namba za nyumbani zina uzito. Zangu zilipewa uzito huo.

Kosa lilianzia kwenye vichwa vya kadi. Niliviandika kwa ufupi: Jumanne asubuhi, Jumanne jioni, Jumatano asubuhi. Jina likijirudia niliongeza namba mwishoni, nikawa na Jumanne jioni 2, Jumanne jioni 3. Tarehe sikuiandika mahali popote. Nilijiambia kwamba programu inaiweka yenyewe, basi ya nini kujichosha?

Na kweli inaiweka, ila huweka mbili. Kila kadi ina tarehe ya kuundwa na tarehe ya kubadilishwa mara ya mwisho. Zote mbili huandikwa kwa tarakimu 17 zilizofuatana, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, siku, saa, dakika, sekunde, hadi elfu za sekunde, na hufuata saa za kimataifa za UTC, si za kwetu. Kadi iliyoandikwa hapa Tanga saa saba na robo usiku, ukiitazama tarakimu zake, inasoma saa 22 na dakika 15 za siku iliyotangulia. Programu hukugeuzia kwenye saa zako inapokuonyesha kadi, kwa hiyo tofauti hii haikuniumiza. Naitaja kwa sababu niliijua. Nilikuwa mtu wa kujua tofauti ya saa tatu kati yetu na UTC nisijue ni tarehe ipi kati ya mbili kichujio changu kinaisoma.

Kichujio chenyewe kilikuwa hiki:

[tag[Shajara]days[-14]!sort[modified]]

Maana yake: leta kadi zenye lebo ya Shajara, za siku 14 zilizopita, iliyo ya karibuni ikae juu. Mimi ndivyo nilivyoielewa. Lakini amri ya kuhesabu siku, usipoitajia tarehe ya kuishika, hushika tarehe ya kubadilishwa. Hilo limeandikwa wazi kwenye maelezo ya programu na sikuyasoma. Neno la mwisho ndani ya mstari, lile linalopanga, linataja tarehe hiyo hiyo ya kubadilishwa. Nililinakili kutoka kwenye mfano nikaliacha lilivyo. Kwa hiyo mstari wangu haukuwa ukiuliza mama ameumwa nini katika wiki mbili hizi. Ulikuwa ukiuliza mimi nimeshika kadi zipi.

Nimejiuliza sana kwa nini programu nzuri kama hii ichague tarehe hiyo, na nadhani jibu liko kwenye asili ya wiki zenyewe. Wiki ya kwanza, aliyoifungua Mmarekani Ward Cunningham mwaka 1995, ilikuwa ya watu wengi kuandika pamoja, na ukurasa uliokuwa ukitazamwa sana ni ule wa mabadiliko ya karibuni. Panapoandika watu wengi, jambo la kwanza unalotaka kujua ukifika ni nani amegusa nini. Wiki ya mtu binafsi ilirithi desturi hiyo: hata ile orodha ya kadi za karibuni pembeni mwa TiddlyWiki hupangwa kwa tarehe ya kubadilishwa. Kwa mtu anayeandika makala au mapishi haina ubaya wowote, inamrudisha pale alipoachia kazi. Shajara ya mgonjwa ni kitu kingine. Siku ya tukio haisogei hata ukirudi mara ngapi kusahihisha maandishi. Sisemi haya ili niihamishie programu lawama. Ilifanya ilichoagizwa, na mwagizaji ni mimi.

Kwa muda mrefu kosa halikuonekana kwa sababu kadi sikuzigusa tena baada ya kuziandika. Tarehe mbili zilikuwa zikienda pamoja na orodha ikatoka sahihi, jambo lililonifanya niiamini. Kisha ikaja usiku wa kuamkia kliniki. Kadi za mwanzo nilikuwa nimeziandika ovyo, namba nimezitia katikati ya maneno, “156 kwa 94, kalala vibaya”, nami nilitaka ziingie kwenye sehemu zake ili jedwali linikokotolee wastani. Nikakaa nazo mpaka usiku wa manane. Nilifungua kadi moja baada ya nyingine, nikahamisha namba, nikarekebisha tahajia, nikaongeza lebo ya kizunguzungu palipostahili, nikahifadhi. Kila nilipohifadhi, kadi ya zamani ilipata tarehe mpya ya kubadilishwa. Nilipomaliza, miezi ya mwanzo, ile ambayo dawa ilikuwa haijashika vizuri, yote ilikuwa imeingia ndani ya siku 14 na kukaa juu ya orodha. Vipimo vya wiki hizo mbili, ambavyo vingi vilikuwa 120 na kitu chini ya 80, vilikuwa chini kabisa, na katika wastani vilimezwa. Jedwali likanipa 151/92. Nilisikitika kwamba dawa haifanyi kazi, nikafunga laptopu, nikalala nikiwa nimeridhika na kazi yangu.

Asubuhi tulipanga foleni, jua limeshapanda. Kipimo cha kliniki kilitoa 146/88. Daktari, binti bado, alimwamkia mama kwa adabu, akasema namba hii peke yake haimtoshi kuamua, akaniuliza za nyumbani. Nikafungua orodha. Akamgeukia mama: “Na kizunguzungu, mama, bado kinakusumbua?”

Mama akasema, “Kiliniacha tangu mwezi wa Ramadhani. Siku hizi nainuka vizuri tu.”

Nami nikasema, “Hapana mama, umesahau. Tazama, Jumanne jioni umeandikiwa kizunguzungu. Alhamisi pia.”

Nilimgeuzia daktari kioo cha laptopu aone. Mama hakunijibu. Alinitazama, akaitazama laptopu, akavuta upande wa kanga yake begani. Namjua mama yangu: yeye si mtu wa kusahau mwezi wa Ramadhani uliishaje. Lakini nilizungumza kwa sauti ya mtu mwenye ushahidi, na mama alinisomesha ili niwe mtu wa ushahidi, basi akaniachia. Daktari alilinganisha neno la mzee na orodha yenye namba na wastani, akafuata orodha. Mtu yeyote angeifuata. Dozi ikapanda kutoka miligramu 5 hadi 10.

Haukupita muda mrefu miguu ikaanza kuvimba. Asubuhi ilikuwa na nafuu, ikifika jioni vifundo vimejaa, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Makubadhi yake hayakumwingia tena, akawa anatembea na kandambili zangu. Amlodipine inajulikana kwa hili: hulegeza mishipa midogo inayoingiza damu kwenye nyama, maji yakajipenyeza na kukaa vifundoni, na kwenye miligramu 10 uvimbe hutokea zaidi sana kuliko kwenye 5. Wakati huo sikulijua. Nilichokijua ni chumvi. Mama anapenda ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, tangu utotoni mwake, na mimi nikamwambia miguu inavimba kwa sababu ya ng'onda. Nikazitoa jikoni. Nikamhubiria chumvi kila alipokaa kula, naye akaacha bila kubishana, akala wali na mchicha uliopooza kwa wiki kadhaa, na miguu ikaendelea kuvimba. Kizunguzungu nacho kikarudi, safari hii cha kweli, kwa kuwa presha ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Siku moja kipimo kilisoma 104/62, na mama alikuwa ameshika mlango wa jikoni kwa mikono miwili.

Kilichonifumbua macho ni uji. Nilikuwa napitia orodha nikitafuta uvimbe ulianza lini, nikaifungua Jumanne jioni 2, mojawapo ya kadi zile zile nilizomwonyesha daktari. Kwenye kliniki nilisoma namba na lebo tu. Sasa nikasoma maelezo yote: “156/94. Kafuturu uji na tambi, hakumaliza. Kizunguzungu alipoinuka kutoka kwenye sijda.” Kafuturu. Ramadhani ilikuwa imepita zamani, watu walikuwa wameshachinja Idi ya pili. Nilifungua sehemu za kadi ile nikazitazama tarakimu 17 mara mbili, za kuundwa na za kubadilishwa, na miezi iliyo katikati yake. Kisha nikafungua ya Alhamisi, kisha nyingine. Ilinichukua muda mfupi kurekebisha mstari ili ushike tarehe ya kuundwa, nikauendesha kwa siku zile za kabla ya kliniki. Wastani wa kweli ulikuwa 127/77. Mama alikuwa amepona kwa kidonge alichokuwa nacho, na alilisema hilo kwa mdomo wake.

Hapo ndipo nilipopaswa kumpigia simu daktari au kurudi na mama kliniki kesho yake. Sikufanya hivyo. Nilijiambia tarehe ya kliniki si mbali, kwamba kubadilisha dozi bila mpangilio nako kuna hatari, kwamba nisimtie mama hofu. Zilikuwa sababu za kujificha. Nilikuwa naona haya: kwa daktari aliyeniamini, kwa ndugu zangu ambao nilikuwa nawatumia majedwali yangu kwa majivuno, na kwa mama zaidi ya wote. Kila asubuhi nilimpa kidonge cha miligramu 10 na maji, nikijua kimeandikwa kwa sababu ya maneno yangu ya uongo, naye akikipokea na kuniombea dua kama kawaida yake. Ng'onda nazo sikuzirudisha jikoni, maana kuzirudisha kungehitaji maelezo.

Tulipofika kliniki nilikuwa nimekusudia kusema. Hata hivyo nikaanza na miguu, na nikaishia hapo. Daktari aliibonyeza, akauliza tangu lini, akavuta karatasi, akaanza kuandika kidonge cha kukojoza ili kipunguze maji. Ndipo nikaelewa kitakachotokea nisipofungua kinywa: dawa ya pili ingekuja kutibu madhara ya dozi ya kwanza, na dozi ya kwanza ilitokana na orodha mbovu, na kila hatua ingeonekana ya busara kwenye faili la mama. Madaktari wanalijua jambo hili, dawa kuzaa dawa, na wazee ndio linaowapata sana. Nikamwambia asubiri. Nikamweleza yote, pamoja na kwamba nimekuwa nikijua.

Aliweka kalamu chini. Hakufoka. Alisema, “Hili ungeniambia siku ile ile uliyoligundua,” akaomba namba za kweli, akazisoma moja moja huku akiniuliza tarehe ya kila moja. Akamuuliza mama upya, kuhusu kizunguzungu, kuhusu usingizi, kuhusu miguu, na safari hii mimi sikutia neno. Akarudisha dozi kwenye miligramu 5, karatasi aliyoianza akaichana.

Mama nilimweleza tukiwa kwenye bajaji tunarudi, kwa kuwa nilijua nikifika nyumbani nitapata kisingizio kingine. Nilimwambia kwamba siku ile alikuwa amesema kweli na mimi ndiye niliyekosea, na kwamba nilijua kabla ya leo. Alikaa kimya mpaka tukavuka stendi. Akasema, “Mimi nilisema.” Baadaye kidogo akauliza, “Na ng'onda je?” Nikamwambia ng'onda hazikuhusika na miguu. Sasa tunaziroweka, maji ya kwanza tunayamwaga, anakula kidogo. Uvimbe ulipungua baada ya dozi kushushwa, na makubadhi yakamwingia.

Kwenye wiki nimebadilisha mambo machache ambayo ningemshauri yeyote mwenye shajara ya namna hii. Tarehe ya kuundwa inasaidia, ila nayo haitoshi, kwa sababu mara nyingi ya jana naandika leo. Nimeongeza sehemu yangu mwenyewe niliyoiita tukio, ninayojaza kwa mkono siku jambo lilipotokea: mwaka, mwezi na siku, tarakimu nane zisizo na nafasi, ambazo programu inazitambua. Kichujio sasa kinataja sehemu hiyo kwa jina, mara mbili:

[tag[Shajara]days:tukio[-14]!sort[tukio]]

Kila mstari wa jedwali unaanza na tarehe kamili, mwaka ukiwemo, na vichwa vya kadi vinabeba tarehe hiyo hiyo. Siku ya kuamkia kliniki sigusi kadi za zamani. Nakaa na mama baada ya kula, namsomea wiki mbili zote kwa sauti: Jumapili ulipimwa hivi, ulisema kichwa kinauma. Yeye ndiye anayesema ndiyo au hapana. Mara nyingine ananisahihisha, kichwa kiliuma Jumamosi, Jumapili tulikuwa na wageni, nami narekebisha na tukio lake. Mbele ya daktari anaanza yeye kusema; mimi naongeza namba nikiulizwa.

Lipo moja ambalo sijaweza kulitengeneza. Kadi za mwanzo kabisa nilizinakili kutoka kwenye vikaratasi, zote kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo hata tarehe zake za kuundwa ni za siku hiyo moja ya kunakili, na vikaratasi nilivitupa. Tumejaribu pamoja kuzipangia siku. Nyingine mama alizitambua mara moja: ile ilikuwa siku ya maziko ya jirani, ile mjukuu alikuja na matokeo ya mtihani. Nyingi hazina alama yoyote, namba tu. Hizo sehemu ya tukio nimeiacha wazi, na kichujio kinaziruka.